Vifaa vya kupunguza kelele za jirani, Mtwara: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kiachwe dukani

Sponji nyeusi zenye meno, zile zinazobandikwa kwenye kuta za studio, hazizuii kelele ya jirani. Tunaanza nazo kwa sababu wapangaji wengi huzikimbilia: mtu anaziona kwenye simu, anaagiza Dar es Salaam, zinashuka Mtwara na basi, anabandika ukuta mzima, na usiku sabufa ya chumba cha pili inapiga vilevile. Sponji ya unene wa sentimita 5 ina uzito wa kilo moja na kidogo kwa mita moja ya mraba. Ukuta wa tofali la saruji la inchi 6 uliopigwa plasta una kama kilo 300 kwa eneo hilohilo. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa, na kilo moja juu ya mia tatu haibadilishi kitu. Sponji hunyonya mwangwi ndani ya chumba chako mwenyewe. Hilo linamfaa anayerekodi nyimbo, halimfai anayetafuta usingizi. Trei za mayai nazo ni hivyohivyo, tena zinashika moto upesi na kufuga mende.

Kwa hiyo vifaa vyote hapa tumevipima kwa swali moja: kelele inaingilia wapi? Katika vyumba vingi vya kupanga, iwe Majengo, Chikongola, Chuno au Lindi mjini, ukuta wa katikati si mbaya. Sauti inapita juu ya ukuta darini, chini ya mlango, na katikati ya vioo vya luva. Kuna hesabu moja ya kukumbuka: tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta linashusha uwezo wa ukuta huo wa kuzuia sauti hadi desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), hata kama ukuta wenyewe ungeweza kuzuia 45. Ndiyo maana nyumba kongwe za mawe pale Mikindani, zenye kuta nene kuliko za tofali zote za siku hizi, bado zinapitisha maneno ya baraza jirani: milango ya mbao haikai sawasawa kwenye fremu na juu kuna matundu ya hewa.

Kutafuta njia ya kelele hakugharimu chochote. Subiri usiku jirani akiwa amewasha redio, zima feni, weka sikio ukutani, kisha kwenye soketi, kisha sogea kwenye kona ya dari, kisha mlangoni. Sehemu ambako maneno yanasikika wazi, hata herufi kama "s" na "sh", ndiko kwenye tundu. Sauti kali nyembamba hupita kwenye nyufa. Mngurumo mzito hupita kila mahali. Baada ya hapo zima taa ya chumbani, acha ya korido ikiwaka, uone mwanga unapenya wapi kwenye fremu ya mlango. Mwisho, kama dari ina mlango wa kupandia, chungulia na tochi. Ukiona ukuta wako umeishia kwenye linta na unaona hadi juu ya chumba cha jirani, umeshapata jibu la nusu ya tatizo.

Programu za simu za kupimia desibeli, hizi za bure, zinafaa kwa kulinganisha tu. Namba yenyewe usiiamini, kwa kuwa kipaza sauti cha simu hukata besi. Pima ukiwa umeweka simu mahali palepale, kabla na baada ya kila kazi, uangalie tofauti. Ikipungua desibeli 3 utaitambua kwa shida; ikipungua 10, sikio litaona kelele imepungua kama nusu.

Vizibo vya masikio: kitu cha kwanza kununua

Vile vya sponji laini, vya njano au vya rangi ya chungwa, vinapatikana kwenye maduka yanayouza helmeti, buti na reflekta, na baadhi ya maduka ya dawa. Kwenye pakiti tafuta namba ya NRR, inayoonyesha kizibo kinapunguza desibeli ngapi. 3M 1100 wameandika 29, Howard Leight Max 33. Namba hizo ni za maabara. Wakaguzi wa usalama kazini Marekani wana kanuni ya kuzishusha: toa 7, kisha gawa kwa 2. Kwa hiyo 29 inabaki 11. Si haba, ni karibu nusu ya kelele kwa sikio, na hakuna kitu kingine cha bei hiyo kitakachokupa matokeo hayo usiku huohuo.

Wengi wanaosema havifanyi kazi wamevivaa vibaya. Mikono iwe safi na mikavu. Finyanga kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa ncha ya kidole sekunde 20 hadi 30 kikifutuka humo ndani. Jitazame kwenye kioo uso kwa uso: ukiona kizibo kimechomoza nje ya sikio, hakijaingia. Dalili ya kwamba kimekaa ni sauti yako mwenyewe kusikika nzito kichwani.

Joto la pwani lina madhara yake hapa. Jasho na nta ya sikio huifanya sponji iwe ngumu baada ya siku kadhaa. Ikiacha kufutuka yenyewe, tupa. Vya silikoni vyenye pete tatu huoshwa kwa sabuni na kudumu miezi, ila anayelala ubavu vitamuumiza. Sikio likiwasha, likiuma au kutoa majimaji, acha na uende hospitali. Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana. Mwenye mtoto mchanga avae upande mmoja, na anayeogopa kupitiwa na kengele aweke simu chini ya mto kwenye mtetemo.

Jambo jingine la bure: sogeza kitanda. Ubao wa kichwani ukigusa ukuta wa jirani, mtetemo unaingia kwenye kitanda na kukufikia mwilini hata kama umeziba masikio. Nafasi ya sentimita 10 inatosha.

Mpira wa mlango

Mlango wa kawaida wa sentimita 90 kwa 210 unahitaji mita 5.1 za mpira kwa pande tatu, kwa hiyo nunua mita 5 na nusu. Ipo aina mbili. Utepe wa sponji wenye gundi yake nyuma ni rahisi, lakini kwa unyevu na vumbi la huku unabanduka mapema na ukishabonyea haurudi. Chukua mpira halisi mweusi, wenye umbo la D na uwazi katikati, unaouzwa na mafundi aluminiamu. Kabla ya kununua, pima mwanya kati ya mlango na fremu kwa kukunja kipande cha boksi hadi kibane, kisha chagua mpira mnene kidogo kuliko mwanya huo, ili mlango ukifungwa ubonyee kama theluthi yake. Ukichagua mnene mno kitasa hakitaingia, utaanza kubamiza mlango na wewe ndiye utakuwa jirani wa kulalamikiwa.

Fremu nyingi zina rangi ya mafuta yenye ukungu wa chumvi juu yake. Futa kwa spiriti, acha ikauke, kwangua kidogo kwa msasa, pakaza gundi ya mpira pande zote mbili, subiri ishike vidole, ndipo ubandike. Anayebandika bila kufuta atauokota mpira sakafuni baada ya wiki chache.

Chini ya mlango ndiko kwenye tundu kubwa. Mwanya wa sentimita moja na nusu kwa upana wa mlango ni sentimita za mraba 135, na kwa mlango huo tayari imepita asilimia 0.7. Kuna brashi na kuna ulimi wa mpira wa kufunga kwa skrubu. Ulimi wa mpira ni bora kwa sauti, brashi ni bora kama sakafu haiko sawa. Mlango wenyewe ukiwa wa plaiwudi mbili zenye uwazi ndani, usitarajie makubwa: gonga kwa kidole, ukilia kama debe, ujue unapitisha. Plaiwudi ya milimita 9 ikiongezwa upande wa ndani inausaidia, lakini muombe mwenye nyumba kwanza na uongeze bawaba ya tatu, maana bawaba mbili zitalegea na mlango utaanza kukwaruza sakafu.

Dirisha, hapa ndipo panapouma

Mtwara haifungiki madirisha yote. Kuanzia Novemba hadi Machi chumba kilichozibwa hakilaliki, na mtu anayeambiwa azibe kila kitu amepewa ushauri wa nchi ya baridi. Kinachowezekana ni kuchagua: ziba upande unaotazama kelele, acha wazi upande mwingine, feni ivute hewa kutoka huko. Miezi ya Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, unaweza kufunga zaidi.

Madirisha ya luva hayana dawa kwa mpira. Vioo havikutani, na fremu zikishaliwa na kutu ndiyo kabisa. Kinachofanya kazi ni kibao cha kuweka usiku na kutoa asubuhi: plaiwudi ya milimita 18 iliyokatwa ikaingia ndani ya kina cha dirisha, ikazungushiwa mpira pembeni, ikashikwa na vikomeo vidogo vinne. Kwa dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 kibao kitakuwa na kilo kama 15, kwa hiyo kata vipande viwili vinavyokutana katikati kwa mdomo wa kupandana ili mtu mmoja avibebe. Usikubali fundi akuuzie MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, eti ni laini kukata: unyevu utaifumua kingo na haitaingia tena. Chukua plaiwudi ya kuhimili maji, au ipake rangi kingo zote, hasa zile zilizokatwa. Tunakipa kibao hiki alama za juu kuliko vitu vyote vya dirisha, kwa sababu hakitobolewi ukutani kwa wingi na ukihama unahama nacho.

Ya aluminiamu ya kuslaidi ina manyoya kwenye reli. Yakiisha, dirisha hutikisika na kupitisha upepo na sauti. Manyoya mapya huuzwa kwa mita; fundi anatoa kioo, anachomoa ya zamani, anasukuma mapya kwenye mfereji. Muulize urefu wa manyoya kwanza, kwa sababu yakiwa mafupi kuliko ya awali umepoteza kazi. Mapazia mazito hupunguza mwangwi na mwanga. Kwa kelele ya nje msaada wake ni mdogo.

Tahadhari ambayo hatuiachi: chumba kilichozibwa hivi kisiingizwe jiko la mkaa, hata lililobaki na makaa machache, wala jenereta isiwekwe karibu na upande ulioachwa wazi. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na huua mtu akiwa usingizini.

Feni yenyewe ni kifaa cha kelele kwa maana nzuri. Mvumo wake wa kudumu hufunika mazungumzo ya korido na vyombo vinavyooshwa uani. Iweke kati ya kichwa chako na kelele inakotoka. Haifuniki besi, na umeme ukikatika mfuniko unaondoka. Feni ya kuchaji husaidia hapo.

Dari: kazi ya gharama, na ndiyo inayolipa

Hapa ndipo fedha ya maana inapopaswa kwenda, na mara nyingi si ya mpangaji peke yake. Vyumba vingi vimejengwa kuta hadi linta, juu yake kenchi moja kwa nyumba nzima, kisha kila chumba kikafungiwa dari la jipsamu la milimita 9. Sauti ya jirani inapanda kupitia dari lake, inatembea chini ya bati na kushuka kupitia lako. Mbao za jipsamu za milimita 9 zina kilo 6 hadi 7 kwa mita ya mraba. Linganisha na ukuta uliotajwa juu.

Dawa kamili ni kupandisha ukuta hadi kwenye bati. Kwa chumba cha upana wa mita 3.6 na kimo cha darini cha wastani wa mita 1.2, eneo ni mita za mraba 4.3. Tofali la inchi 9 kwa 18 linafunika kama sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, hivyo hesabu tofali 43, nunua 48 kwa ajili ya kukata na kuvunjika. Tofali la inchi 5 linatosha na ni jepesi kupandisha. Mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 inajenga na kupiga plasta upande mmoja. Plasta hiyo usiiache, tofali tupu lina vinyweleo vinavyopitisha sauti.

Makosa ya kazi hii yanajirudia. La kwanza ni kujenga juu ya mbao za kenchi au za dari badala ya juu ya ukuta wenyewe: hilo ni hatari, likataliwe hapohapo. La pili ni kuishia chini ya bati na kuacha mawimbi ya bati wazi; yale matundu madogo yakijumlishwa yanarudisha hasara yote, kwa hiyo yajazwe udongo wa saruji mmoja mmoja, si magazeti wala mifuko ya nailoni. La tatu ni waya za umeme kujengewa ndani bila bomba. Fundi umeme azipitishe kwenye bomba kwanza, mwashi aje baadaye, na mwanya kuzunguka bomba uzibwe.

Mwenye nyumba akikataa ukuta, muombe tabaka la pili la jipsamu chini ya dari lililopo. Uzito ukizidishwa mara mbili, tarajia nafuu ya desibeli kama 5 hivi. Viungo vya mbao mpya visikutane na vya zamani, skrubu ziwe ndefu za kufika kwenye mbao za 2 kwa 2 na si kushika jipsamu ya zamani, na ziwe za kupakwa zinki, maana hewa ya bahari huzila na kuchora madoa ya kahawia kwenye rangi nyeupe. Kabla ya yote, fundi avute mbao za zamani kwa mkono aone kama misumari bado imeshika. Dari lenye mbao zilizooza haliongezewi uzito.

Taa za kuzamishwa kwenye dari, zile za duara, ni adui asiyetajwa. Kila moja ni tundu la sentimita 8 hivi, na chumba kikiwa na sita umefungua madirisha madogo sita kwenda darini. Bora taa moja ya kubandika.

Nyufa ndogo zilizobaki, kwenye kona za dari na pembeni ya soketi, zibwe kwa akriliki ya bomba, chupa moja inatosha chumba. Silikoni inaziba vizuri lakini haishiki rangi, na mwenye nyumba atakapotaka kupaka upya itakuwa kesi. Soketi yako na ya jirani zikiwa zimegongana mgongo, zima swichi kuu, muite fundi umeme azifungue na kuziba nyuma. Usichomeke kitu mwenyewe.

Sabufa

Vifaa vyote vilivyotangulia huchoka mbele ya besi. Wimbi la besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, linazunguka chumba kizima na kutikisa dari, mlango na vioo. Dawa iko chumbani kwa jirani, na habari njema ni kwamba ni rahisi na haimnyimi muziki wake.

Sabufa nyingi zimewekwa sakafuni, kwenye kona, zikigusa ukuta wa pamoja. Hakuna mahali pabaya zaidi: sakafu na kuta mbili zinaisukuma besi kwa pamoja. Ikitolewa kwenye kona na kuhamishiwa ukuta usio wa pamoja, angalau mita moja kutoka ukuta wako, tofauti inasikika papo hapo. Chini yake viwekwe vipande vinne vya mpira wa tairi au sponji ngumu, ili sanduku lisitetemeshe sakafu. Kisha mtu mmoja akae chumba cha anayelala, mwingine ashike kitufe cha besi na cha sauti, wapigiane simu, wapunguze hadi pale ambapo maneno ya wimbo hayasikiki upande wa pili. Mahali hapo patiwe alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe na kwenye sanduku. Ikifika saa 4 usiku alama zikutane. Alama hiyo inamaliza ubishi wa "mbona nimepunguza" na "hujapunguza", kwa sababu kila mtu anaiona.

Namna ya kuomba ina uzito wake. Usiende usiku ukiwa na hasira, wala usibishe hodi wakati wageni wake wapo. Nenda kesho yake jioni na vipande vya mpira mkononi: "Kaka, habari za kutwa. Samahani, nina ombi dogo. Besi inanifikia kitandani, nimeleta hivi tujaribu kuweka chini ya sabufa." Mtu aliyeletewa suluhisho ana nafasi ya kukubali bila kuonekana ameshindwa.

Ghorofani: kinu na viti

Kwenye maghorofa ya kupanga tatizo linageuka. Zege linazuia maneno vizuri, lakini kishindo kinachopigwa juu yake kinateremka chote. Kinu cha kisamvu kinachotwangwa moja kwa moja sakafuni kinasikika hadi chini kabisa, na anayelala chini hawezi kukizuia kwa dari wala vizibo. Weka chini ya kinu kipande cha mpira mnene, kwa mfano wa tairi ulionyooshwa, juu yake gunia lililokunjwa mara nne. Gunia peke yake hubonyea na kubaki gumu. Mpira peke yake huteleza. Pembeni ya chumba, karibu na ukuta unaobeba, zege hutikisika kidogo kuliko katikati, kwa hiyo kinu kihamie huko. Kwa mama mtu mzima wa juu neno liwe la heshima: "Shikamoo mama. Nimekuletea hiki cha kuwekea kinu, chini kinasikika sana alfajiri."

Viti na meza vipewe kofia za mpira miguuni. Usinunue za kubandika, zinatoka kwa kusukumwa. Chukua za kuvaa, upime kipenyo cha mguu kwanza. Mkeka mnene chini ya meza ya chakula unaongeza nafuu.

Huduma ya ofisi ya mtaa

Nayo tunaihesabu, maana ni huduma ya bure na ina nguvu kuliko watu wanavyodhani ikiwa imetumiwa vizuri. Asiyepata jibu kwa mazungumzo aandike kwanza kumbukumbu: tarehe, saa ilipoanza, saa iliyoisha, aina ya kelele. Wiki mbili zinatosha. Amjulishe mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi, kisha aende kwa mwenyekiti wa mtaa na kumbukumbu hiyo, aombe jirani aitwe kwa barua. Makubaliano yaandikwe saa, si "apunguze": besi ifungwe saa ngapi, siku zipi. Pande zote zitie saini. Yakivunjwa, karatasi hiyo ndiyo inayobebwa kwa mtendaji wa kata, na ndiyo inayotofautisha shauri lako na malalamiko ya mdomo.

Baa, kumbi na mashine ni jambo jingine. Hizo zinabanwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, zinazotenganisha mchana na usiku na kutaka utulivu zaidi usiku. Mlango wa kugonga ni afisa mazingira wa halmashauri. Barua iliyotiwa saini na nyumba kadhaa husikilizwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Ngoma za jando na unyago tusizichanganye na haya. Zina msimu, zina kibali, na wenye shughuli ni majirani wa kudumu. Nenda mapema kwa wenye mji, waulize shughuli ni siku zipi na zinaisha saa ngapi, upange zamu yako ya kazi au ulale kwa ndugu usiku wa kilele.

Kwa anayetafuta chumba sasa, kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, afike Jumamosi saa 3 usiku bila kutoa taarifa, asimame dakika chache nje ya dirisha la chumba hicho, kisha aombe kuchungulia darini. Dalali akisema ufunguo wa mlango wa dari umepotea, aombe ngazi.